Shamba Lisilopuliziwa

Viwavi walipoanza kutoboa maganda ya kunde zake, Tipagya alifanya ambacho mwanamke yeyote mwenye akili zake angefanya. Alichota majivu ya jikoni kwenye kibuyu, akaingia shambani umande ungali mbichi, akaanza kunyunyizia mche mmoja baada ya mwingine. Hakufika mbali. Pikipiki ilifunga breki barabarani, na Issahaku, kijana wa kituo cha utafiti, akashuka mbio huku kofia ya pikipiki ingali kichwani.

"Mama! Mama Tipagya! Acha! Usiguse!"

Tipagya alidhani ni nyoka. Aliruka nyuma, majivu yakammwagikia miguuni.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Nyoka!"

"Hakuna nyoka, mama. Ni hayo majivu. Shamba hili haliwekwi kitu. Si majivu, si maji ya sabuni, si mwarobaini. Hata kumtoa kiwavi kwa mkono hairuhusiwi."

"Hairuhusiwi na nani?"

"Na utafiti."

Tipagya aliweka kibuyu chini. "Issahaku, mimi nilikubeba mgongoni mama yako alipolazwa. Sasa niambie polepole, kama unavyomwambia mtu aliyekubeba. Hapo kwenye kibao pameandikwa nini?"

Kibao chenyewe kilikuwa cheupe, cha bati, kimechomekwa kando ya barabara tangu siku ya kupanda. Tipagya hakujua kusoma, lakini aliambiwa jina lake limo, na halikuwahi kuandikwa mahali wapitapo watu. Kwa hiyo kila alipokuja shambani alikifuta vumbi kwa pindo la kitenge chake.

"Pameandikwa jina lako," alisema Issahaku.

"Na chini ya jina?"

Kijana akavua kofia. "Mbegu ya kienyeji. Bila dawa."

Akaeleza, na alieleza vizuri kama alivyofundishwa. Mashamba mengine yanapuliziwa, hili halipuliziwi. Lazima liwepo moja linaloachwa liliwe, ili yale yaliyotibiwa yapimwe kwalo. Wakipulizia yote, nani atajua kama ni dawa iliyofanya kazi au ni mvua nzuri tu? Na katika maneno hayo hapakuwa na uongo hata kidogo. Ubaya ulikuwa kwamba watu wazima, wenye viti na meza, walikaa wakapanga shamba la nani litaliwa, na asipatikane hata mmoja wa kusema: jamani, mwenyewe ameambiwa?

"Kwa hiyo mnataka kujua viwavi wanakula kiasi gani," alisema Tipagya.

"Ndiyo, mama."

"Na chakula chao ni mimi."

Issahaku alitazama pikipiki yake.

*

Neindow, mumewe, alikuwa uani akitengeneza mpini wa jembe. Aliposikia hatua za mkewe alijua kuna neno, akazidi kuinamia mpini.

"Baba Wunpini," alimwita kwa jina la mtoto wao, "ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba shamba langu ni la kuliwa."

"Walisema bila dawa. Nikadhani hawatatudai dawa."

Mma Katari, mama yake Neindow, alikuwa kibarazani akimenya karanga. Akacheka bila furaha. "Huyu ndiye niliyemzaa."

"Kola ilikuwa imeshatafunwa, mama!" Neindow alisema kwa sauti ya mtu aliyejitetea moyoni siku nyingi. "Ningefanya nini? Niiteme mbele ya chifu?"

Na kweli kola ilitafunwa. Dakta wa kituo alikuja na bakuli la kokwa za kola, zile chungu za kutafuna, akamkabidhi chifu kama inavyopasa, chifu akawagawia wanaume wenye nyumba. Kwao, ukiipokea kola ya mtu na ukaitafuna, umekwisha mkubalia. Shauri lenyewe huja nyuma yake. Mwenye hekima huuliza kwanza. Lakini nani aulize mbele ya wageni, chifu akimtazama, na jirani wa kushoto ameshaanza kutafuna? Baadaye wakapitishiwa kibuyu chenye vikaratasi vya kura. Neindow akatia mkono, akatoa namba, watu wakapiga makofi. Alirudi nyumbani akijigamba kama aliyeshinda mbuzi. Mahindi yake yalikuwa yamekwisha pandwa, hivyo shamba lililobaki la kuwapa lilikuwa la mkewe.

"Umetafuna wewe," alisema Tipagya, "na uchungu nimeze mimi."

"Ardhi ni ya ukoo, Tipagya. Usiniseme kama mwizi."

"Ardhi, sawa. Mbegu je? Mbegu nayo ni ya ukoo wenu?"

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Binti wa nchi ile harithi shamba kwa baba yake. Tipagya alipoolewa, mama yake alimfungia kunde kwenye pindo la nguo, kunde ndogo zenye jicho jekundu, akamwambia: hizi ndizo ardhi yako. Mama amekwisha kufa. Wenzake wote kijijini walihamia kunde nyeupe za sokoni, yeye peke yake akabaki na zile nyekundu, na kila mwaka aliacha akiba kwenye kibuyu, akakiziba mdomo kwa udongo na majivu. Mwaka huu watafiti walipima shamba kwa kamba, likawa kubwa kuliko alivyozoea, na Issahaku akasema mbegu iwe moja, mistari isiwe na pengo. Tipagya akakung'uta kibuyu mpaka punje ya mwisho. Aliuliza, na jibu aliloambiwa lilikuwa wazi: mavuno yote ni yako, mama.

"Kesho nenda kwa chifu," Mma Katari alimwambia mwanawe. "Mwambie umeghairi."

"Nitamtazamaje usoni?"

"Na mkeo unamtazamaje?"

Neindow akapiga mpini nyundo, ukapasuka.

*

Shamba la kando ya barabara halina siri. Wanawake waliokwenda sokoni waliliona likinyong'onyea, maua yakipukutika, maganda yakijikunja yakiwa na vitobo, na wasiojua habari walidhani kibao kimewekwa kumtangaza mvivu. Kwa watu hawa, mtu aweza kuwa maskini na bado akaheshimiwa, lakini shamba chafu humvua nguo mwenyewe.

"Tipagya! Harusi ya viwavi lini? Tuje na ngoma!"

"Wako wamenenepa, dada. Utawauza kwa kilo?"

Alicheka nao, kwa kuwa asiyecheka hutaniwa zaidi. Akifika nyumbani alikaa mbele ya moto na kusahau kukoroga mboga.

Sanatu, jirani yake na rafiki yake, ndiye aliyepata shamba la dawa. Kunde zake, mbegu mpya ya kituoni, zilikuwa za kijani mpaka macho yanauma. Siku moja alimsimamisha Tipagya njiani.

"Mwenzangu, mimi nikipita hapa naona haya."

"Haya ya nini? Wewe kura yako ilikuwa nzuri."

"Ndiyo hiyo haya yenyewe. Unasema hawataki dawa?"

"Hawataki hata mkono."

"Mkono wako. Wamekukataza wewe. Mimi nani amenikataza?"

Na kweli, hakuna aliyemkataza. Katika nchi ile shamba la mwanamke likiugua ni kama mwenyewe ameugua, wenzake huja bila kuitwa. Asubuhi moja walikuja, Sanatu mbele, kila mmoja na bakuli la maji ya sabuni, wakaingia mistarini wakitoa viwavi kwa vidole na kuwatumbukiza bakulini. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vile vilikuwa vidole vya kijiji kizima. Waliimba. Wale wale waliomtania ndio walioimba kwa sauti kubwa zaidi. Tipagya alisimama barabarani, hakutia mguu ndani, akalia wazi wazi bila kujificha.

Walikuwa wamemaliza nusu ya shamba pikipiki ilipotokea.

*

Issahaku alikwenda kutoa habari, na safari hii Dakta Ansah, yule aliyeleta kola, alikuja mwenyewe, na gari la kituo. Alikuwa mama wa makamo kutoka kusini, mpole, mwenye miwani na uchovu wa mtu anayetakiwa matokeo. Kilugha cha pale hakukijua, hivyo alisema kwa kinywa cha Issahaku. Baraza likakaa kwa chifu.

"Siwalaumu," alisema Dakta. "Najua walikuwa na nia njema. Lakini nusu ya shamba sasa haifai kupimwa. Kazi ya msimu mzima imeingia doa, na wanaotoa fedha za utafiti hawataki kusikia habari za nia njema."

Neindow alichuchumaa mbele yake, mtu mzima mwenye mvi, akipiga viganja polepole kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Mnisamehe. Wanawake ni wanawake. Hawakuelewa."

Tipagya, aliyekaa nyuma na wenzake, alihisi sikio linamwaka moto. Alielewa kupita wote mle barazani. Aliyekuwa hajaelewa alikuwa pale mbele amechuchumaa.

Chifu akamtoza Neindow jogoo. Jioni ile ile shamba likazungushiwa utepe mwekundu na mweupe, ikatangazwa kwamba asiingie mtu, na mwenyewe akiwamo. Tangu nchi ile iumbwe hakuna viwavi waliowahi kulindwa namna ile. Walikula nusu iliyobaki, kisha wakahamia kwenye ile iliyosafishwa, wakala kwa utulivu, bila haraka, kama watu waliolipiwa karamu.

*

Ilipofika siku ya wageni kuja kutazama mashamba ya utafiti, magari yalipangwa barabarani na wapiga ngoma wakaletwa. Mpiga ngoma wa nchi ile akikuona umesimama mahali pa heshima hupiga majina ya sifa ya babu zako, nawe ukasimama wima. Alilipigia majina shamba la Sanatu, mumewe Sanatu akatuna mpaka akacheza. Alipofika kwenye kibao cha Tipagya aliacha kupiga. Huwezi kuwaita wazee wa watu waje watazame uozo. Akamtazama Neindow kidogo, akajifanya anakaza kamba za ngoma, akapita.

Neindow aliondoka kimya kimya. Hakuonekana tena siku ile.

Mgeni mmoja mwenye kamera alitaka picha. Akampa Tipagya ganda lililotobolewa, akamwonyesha jinsi ya kulishika.

"Mwambie asicheke," alimwambia Issahaku.

"Sicheki," alisema Tipagya.

"Mwulize anajisikiaje akiona mazao yake hivi."

Issahaku akauliza. Tipagya alishusha lile ganda. "Mwulize yeye, mama yake yupo hai? Kama yupo, tumfunge kamba pale tuwaite nyuki, kisha aniambie anajisikiaje."

Issahaku akamgeukia mgeni. "Anasema anawashukuru sana kwa kuja."

*

Walipovuna, vijana wa kituo waliingia na vifuko vya karatasi vyenye namba. Kwa Sanatu walijaza vifuko vichache vya kupimia, wakamwachia makapu yake. Kwa Tipagya walijaza vifuko vichache vile vile, na shamba likawa limekwisha.

Alisimama nje ya utepe. "Issahaku, hizo ndizo zote."

"Zinakwenda kupimwa tu, mama. Zitarudi."

"Sitaki za kula, unanisikia? Hata zikiwa za kujaza kiganja. Nataka za kibuyu."

"Zitarudi, wallahi."

Alingoja. Jua la kiangazi likaanza kukausha kuta, upepo wa vumbi ukashuka, na kibuyu kikaning'inia juu ya jiko, kitupu, mdomo wazi. Mma Katari alikuwa akikitazama kila alipoota moto. Mwishowe akamwita mkwewe, akampa vijisenti alivyovifunga kwenye leso. "Nenda ukazifuate. Wala usiende mikono mitupu. Wao walikuja na kola, nawe nenda na kola."

"Nikawaombe, mama?"

"Nani amesema ukaombe?" Bibi alimkazia macho. "Nimesema uende na kola."

Tipagya alimtazama bibi, na bibi akamtazama. Kisha Tipagya akavifunga vile vijisenti kwenye fundo la kitenge, kwa kuwa wameelewana.

Alikwenda na Sanatu. Mlinzi wa kituo aliwakalisha juani, kwenye jiwe, akawauliza mara mbili wametumwa na mwanaume gani. Wafanyakazi walipita na chupa zao za maji. Hatimaye Issahaku akawaona, akakimbia, akawaingiza ofisini kwa Dakta Ansah, penye feni na viti vya kitambaa. Dakta alisimama kuwapokea. Alikumbuka jina. Aliagiza maji. Tuseme haki, hakuwa mtu mbaya, na labda hilo ndilo linalouma zaidi, maana ubaya wenye sura mbaya unajulikana pa kuupigia.

Vile vifuko vilikuwa vimekusanywa katika mfuko mmoja; ukaletwa, umekunjwa vizuri, namba juu yake. Tipagya aliufungua. Kunde zilikuwamo, zile zile zenye jicho jekundu, lakini nyepesi, zilizosinyaa. Alitia moja kinywani, akaiuma. Ilipasuka kama kigae.

"Mmezifanya nini?"

Issahaku akatafsiri. Dakta akajibu kwa upole kwamba sampuli zote hukaushwa kwenye tanuri kabla ya kupimwa, ili maji yasidanganye uzito.

"Tanuri la moto?"

"Joto tu. Kwa siku kadhaa."

"Nikizipanda zitaota?"

Issahaku hakutafsiri mara moja. Alikuwa mtoto wa mkulima na jibu alikuwa nalo. Ilibidi Dakta amwulize, "Anasemaje?" Alipoambiwa, alivua miwani.

"Hapana," alisema. "Haziwezi kuota."

Feni ilizunguka. Sanatu alijishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama watu washikavyo msibani. Dakta akaanza kusema haraka: hakujua kwamba ni zote, kwa kawaida wanachukua sehemu ndogo, hakuna aliyemweleza, lakini atampatia mbegu bora, mfuko mzima, bure, mbegu inayovumilia wadudu, na kwa kweli ni kwa sababu ya shamba lake kwamba wameweza kuthibitisha...

Tipagya hakupiga kelele. Sanatu alimshangaa. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kokwa za kola zilizofungwa kwenye jani, akachagua moja kubwa, nyekundu, akaifuta, akamnyooshea Dakta kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo.

Uso wa Dakta ulilegea. Alikuwa amejiandaa kwa matusi na sasa anapewa heshima. Alikaa miaka kaskazini ile, adabu ya kola aliijua, angalau upande wa kuipokea. Akainyoosha mikono.

Issahaku alifunua mdomo. Aliitazama kola, akamtazama mama aliyembeba mgongoni, akautazama mfuko wa karatasi juu ya meza. Akaufumba mdomo wake.

Dakta akaimega kola, akatafuna.

"Ahsante sana, mama," alisema. "Nimefurahi kwamba hatuachani kwa ubaya."

"Umetafuna," alisema Tipagya, akainuka. "Sasa sikiliza ulilolikubali. Siku ya soko utakuja kwetu, wewe mwenyewe, na wapiga ngoma wale wale. Kile kibao utaking'oa kwa mikono yako. Utasema mbele ya watu kwamba mwenye shamba hili hakuwa mvivu, alikatazwa, na waliomkataza ni ninyi. Na majina ya babu za mume wangu yatapigwa pale pale yalipoachwa. Kisha utakwenda kijiji cha mama yangu, nyumba kwa nyumba, uwaulize vikongwe kama kuna aliyebaki na kunde ya jicho jekundu. Ukiipata, hata punje tatu, utaniletea. Ukiikosa, utakuja kuniambia machoni. Usinitumie kijana."

Issahaku akatafsiri. Safari hii alitafsiri yote, neno kwa neno, bila kuongeza shukrani.

Dakta Ansah alibaki na kola shavuni. "Lakini," alisema, "lakini hakuniambia hayo kabla sijaipokea. Mtu hawezi kukubali kitu asichoambiwa!"

"Ndiyo, Dakta," alisema Issahaku, akitazama sakafu. "Hata sisi hatukuwaambia."

Kola ilikuwa inatoa uchungu wake sasa, kama inavyotoa siku zote, na Dakta hakuweza kuitema mbele ya wageni wala kuimeza.

Tipagya alikunja mdomo wa mfuko, akaubana kwapani. Kunde zilizokufa hazioti, lakini zinapikika, na Mma Katari angependa kuzionja mara ya mwisho. Mlangoni aligeuka.

"Soko letu ni keshokutwa," alisema. "Njoo mapema, kabla watu hawajatawanyika."